Mechi Kigoma: mwongozo wa siku tatu kwa anayekuja Mwisho wa Reli

Shemeji yangu alikuja Kigoma kutoka Dar es Salaam kwa basi kuangalia mpira. Akafika asubuhi, akalala hadi saa 8 mchana, akaenda uwanjani, akarudi kulala, na alfajiri akapanda basi la kurudi. Wiki mbili baadaye nikamsikia msibani akiwaambia watu kwamba Kigoma hakuna cha kuona. Alilala juu ya kilima ambacho chini yake kuna ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na hakuteremka hata kunawa miguu.

Kosa ni langu pia. Nilimpa kitanda, sikumpa ratiba. Ratiba yenyewe ndiyo hii, kwa yeyote anayekuja Uwanja wa Lake Tanganyika akitokea mbali.

Hatua ya 1: Hakikisha mechi ipo, kisha uangalie mwezi

Mashujaa FC walipanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24 na nyumbani kwao ni hapa. Ratiba ikitoka usikimbilie kukata tiketi ya safari. Mechi zetu huhamishwa siku, huahirishwa, hugeuka viporo, hasa pale mgeni anapokuwa Simba au Yanga akiwa bado na mechi za Afrika. Subiri wiki ya mechi, thibitisha kwenye kurasa za Bodi ya Ligi au za klabu yenyewe, ndipo ulipe nauli. Na nauli ya kurudi usiilipie siku moja baada ya mechi. Acha siku mbili, utaona sababu.

Sasa mwezi. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, wavu ukawainua. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola, lakini kanuni haijabadilika: taa inahitaji giza. Mbalamwezi ikitawala, dagaa hutawanyika, wavuvi wengi hutia nanga kwa siku kadhaa, wakashona nyavu na kucheza bao. Ukija siku hizo utakuta mwalo, yaani ufuko wanakoshushia samaki, ni mtulivu na dagaa bei juu. Ukija mwezi mchanga au ukiwa umeshafifia, usiku utaona taa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine umejengwa huko majini.

Jambo la pili la ziwa: mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ukipanga safari katikati ya mwaka, uliza kwanza kama ziwa liko wazi. Mpira utauona tu, lakini hatua ya 5 itakuwa na upungufu.

Hatua ya 2: Chagua usafiri kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa ya mechi

Ndege ipo kutoka Dar. Ni ghali, na ukiwa na pesa huhitaji ushauri wangu.

Basi ndilo la wengi: Dodoma, Singida, Nzega, Tabora, kisha Kaliua, Nguruka, Daraja la Kikwete juu ya mto Malagarasi, Uvinza kwenye chumvi, ndipo Kigoma. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Kanuni yangu ni moja: fika siku moja kabla ya mechi, usifike siku ya mechi. Niliwahi kutoka Tabora alfajiri kwa basi ambalo kwa hesabu ya karatasi lingenifikisha mchana na kuniachia muda wa kuoga. Kupita Nguruka likatoa moshi, tukakaa kando ya barabara tukila mahindi ya kuchoma huku fundi akiwa chini ya gari na miguu yake tu nje. Nilipoingia uwanjani ilikuwa dakika ya 63 na bao pekee la mechi lilishaingia. Mpaka leo nalijua kwa kusimuliwa.

Treni ya reli ya zamani kutoka Dar ni safari ya siku mbili ratiba ikienda sawa, na isipoenda sawa usihesabu. Haifai kwa mtu mwenye likizo ya siku nne. Lakini kama una muda, hii ndiyo njia ya heshima ya kuingia Kigoma. Reli ilifika hapa mwaka 1914 na kuishia ukingoni mwa maji, ndiyo maana tunaitwa Mwisho wa Reli. Wapo wanaochanganya: reli ya kisasa hadi Dodoma, ambayo ilianza kazi 2024, kisha basi. Inakuokolea nusu siku na uchovu wa foleni za kutoka Dar.

Hatua ya 3: Lala Mwanga kama umefuata mpira, lala mjini kama umefuata ziwa

Manispaa inaitwa Kigoma-Ujiji lakini mgeni aichukulie kama vijiji vitatu vilivyoshikana mikono. Kuna Kigoma mjini, chini kwenye stesheni na bandari. Kuna Mwanga, juu, penye soko kubwa, maduka ya vitenge, chipsi na kelele. Na kuna Ujiji, kusini, mji mkongwe kuliko yote. Barabara moja inaviunganisha, na daladala hupita humo kutwa. Mwanga utapata gesti za bei ya kawaida na chakula hadi usiku. Mjini kuna hoteli zenye kutazama maji.

Timu kubwa ikija, weka chumba mapema, tena kwa kupiga simu na kutuma malipo ya awali, maana "nimekuwekea" ya mdomo huyeyuka pale mtu mwenye pesa mkononi anaposimama mapokezi. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Simba na Yanga, ilichezwa hapa. Watu walitoka kila pembe ya nchi. Nyumba yetu ya vyumba vitatu ililaza wageni kumi na mmoja, wawili kati yao wakiwa Yanga waliokosana na sisi tangu Taddeo Lwanga wa Simba alipofunga kwa kichwa bao pekee la mchezo hadi walipopanda basi. Mmoja hakunywa hata chai. Alisema sukari imeisha utamu.

Hatua ya 4: Siku ya mechi

Tiketi. Nunua siku moja au mbili kabla, na uulize kabisa kama mechi hiyo inatumia tiketi za karatasi au N-Card, ile kadi ya kielektroniki. Bodaboda wa Mwanga wanajua kituo kipi kinauza kuliko tangazo lolote. Usinunue kwa kijana anayekunong'oneza getini. Tiketi yake huenda ni halali, huenda imeshaingiza watu wanne.

Mavazi. Mashujaa ni timu ya jeshi, na mashabiki wake wamezoea nidhamu kidogo. Hakuna atakayekugusa kwa jezi ya wageni. Lakini usije na nguo yoyote yenye mabaka ya kijeshi ukidhani ndiyo kuwaunga mkono wenyeji. Ni kosa kisheria raia kuvaa sare za jeshi na mfanano wake, na uwanjani siku hiyo wenye haki ya kuzivaa watakuwa wengi.

Jua. Hapa ndipo wageni huumia. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa yetu ni ile ile ya Dar. Jua linachelewa kwetu kwa takriban dakika 40: Dar wakiwa wameshawasha taa, sisi bado tunakunja macho. Jua huzama kwenye saa 1 usiku, nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Mechi ya saa 10 jioni maana yake kipindi cha pili chote, aliyeketi upande wa mashariki jua linamchoma machoni. Ukiingia, uliza ziwa liko wapi, kisha kaa upande wa ziwa, jua likae mgongoni. Nimeona watu wazima wakiangalia penalti kupitia tundu la ngumi.

Na penalti huwa zipo. Tarehe 9 Aprili 2024 Mashujaa waliwatoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho kwenye uwanja huu huu, sare ya 1-1, kisha 6-5 kwa mikwaju. Usiku ule Mwanga haikulala, na mpaka sasa ukitaka kumfurahisha muuza karanga wa hapa, mtajie tarehe hiyo. Atakuongezea kikombe.

Mvua. Kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, beba koti jepesi hata kama asubuhi mbingu ni nyeupe. Mvua yetu hutokea nyuma ya milima, na haipigi hodi. Mwavuli hapana, utakosana na waliokaa nyuma yako.

Mambo madogo: beba noti ndogo, maana muuza maji hana chenji ya 10,000. Ingia saa moja na nusu kabla kama ni timu kubwa, dakika arobaini zinatosha kwa mechi nyingine. Kula kabla. Kutoka, usigombanie bodaboda getini. Tembea dakika kumi na umati kuelekea barabara kuu, bei itashuka yenyewe.

Hatua ya 5: Asubuhi inayofuata, amka. Tafadhali amka

Hii ndiyo shemeji aliikosa. Saa 12 asubuhi kukiwa bado giza-giza (kumbuka dakika zile 40), chukua bodaboda hadi mwalo wa Kibirizi, kaskazini ya mji. Utasikia injini kabla hujaona mitumbwi. Inaingia mmoja mmoja, watu wamekaa kwenye kingo na makoti mazito, macho mekundu, taa zimeninginia juu ya miti. Wanawake wanasubiri na ndoo. Mnada ni wa haraka na sauti ni kubwa, lakini si ugomvi.

Salimia kwanza. "Mwakeye" ndiyo asubuhi njema ya Kiha, na mgeni akiitamka, hata vibaya, anapata tabasamu na mara nyingine bei. Usipige picha ya mtu kabla ya kuomba. Mvuvi aliyekesha hapendi kuwa mandhari ya mtu.

Kisha nenda kwenye vichanja na nyavu zilizotandazwa, wanakoanikwa. Namna ya kuchagua dagaa nilifundishwa na mama mkwe, naye hana mchezo:

Chota kiganja, usitazame juu ya rundo, chimba chini. Dagaa mzuri anang'aa fedha, tumbo halijapasuka, kichwa kipo. Aliyegeuka rangi ya kahawia-njano alinyeshewa akiwa hajakauka. Mvunje mmoja: akikatika kwa mlio, amekauka, akipinda, utanunua maji kwa bei ya samaki. Mwishowe mtafune. Ukisikia mchanga kwenye meno, alianikwa chini, na hakuna kuosha kutakakoutoa wote. Aliyeanikwa juu ya kichanja au wavu ni ghali kidogo na anastahili. Muuzaji akikuzuia kuonja, mwambie asante, mama, songa mbele.

Utapimiwa kwa kisado au ndoo. Tazama kisado kinavyojazwa: anayekitikisa ndiye anayekutendea haki, maana dagaa hushuka wakaongezwa.

Pale pale kuna mama ntilie. Agiza mgebuka, samaki wa ziwa hili, wa kukaanga, au dagaa wabichi waliopikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo. Kisamvu ambacho wengi hapa hukiita sombe, nacho kikitiwa mawese, ni chakula kinachomlaza mtu mchana. Kama hujazoea mawese, anza kidogo. Sisemi zaidi.

Kuoga ziwani: si hapa mwaloni. Nenda fukwe za kusini, upande wa Katonga, kama Jakobsen, ambako kuna kiingilio, maji ni maangavu na chini ni mchanga na mawe. Epuka penye matete na maji yaliyotuama, kichocho kipo. Na uliza wenyeji kuhusu mamba kabla hujavua shati, sio baada.

Hatua ya 6: Ujiji, jioni

Panda daladala kutoka Mwanga. Watu huenda Ujiji kwa ajili ya Makumbusho ya Dk. Livingstone, na ni sawa, anza nayo. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone, tarehe inayotajwa zaidi ikiwa 10 Novemba 1871, chini ya mwembe. Miembe iliyopo leo inasemekana ilitokana na ule wa zamani. Ndani kuna sanamu za hao wawili wakivuliana kofia, na kila mgeni hupiga picha akiwa katikati yao kama refa. Maneno maarufu ya salamu yao, muulize mwongozaji akusimulie, atayasema vizuri kuliko mimi. Mjadala wa kama kweli yalisemwa haujaisha, kwa sababu kurasa za siku zile kwenye shajara ya Stanley hazipo.

Simama mahali pa mnara ulitazame ziwa. Liko mbali kiasi, lakini enzi hizo maji yalikuwa karibu zaidi. Ujiji ulikuwa mji wa pwani katikati ya bara: misafara ya pembe na watumwa ilivuka kutoka Kongo, ikapumzika hapa, ikashika njia ya Tabora kwenda Bagamoyo kwa miguu. Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walifika Februari 1858 na kukuta wafanyabiashara wameshatangulia.

Mimi lakini nakushauri usiishie kwenye makumbusho. Tembea mitaani baada ya alasiri. Nyumba za zamani zenye baraza, wazee na kanzu zao, watoto wakitoka madrasa, Kiswahili ambacho mtu wa Tanga angekitambua kikiwa na mkolezo wa Kimanyema na Kiha. Ukialikwa kukaa barazani, kaa. Mzee muamkie shikamoo, mama muamkie shikamoo, na usiulize bei ya kitu chochote katika dakika tano za mwanzo.

Hatua ya 7: Kama una siku ya ziada

Stesheni ya Kigoma: jengo la Wajerumani, linapendeza jioni, dakika ishirini zinatosha. Bandarini usipige picha bila ruhusa. Kama meli ya MV Liemba ipo na unaweza kuiona, iangalie vizuri. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa meli na reli, ikaungwa tena hapa Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiwaachie adui, wakiwa wameipaka grisi mitambo. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Grisi ile ni funzo kwa kila mwenye pikipiki.

Na kwa wapenda siasa: Che Guevara alivukia Kongo kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965. Hakuna kibao. Ziwa lipo.

Gombe ni hadithi nyingine. Hifadhi ya sokwe, ndogo, kilomita kama 16 kaskazini ya mji, haina barabara; unafika kwa maji tu. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alianza kazi pale Julai 1960, na mwaka 1968 ikawa Hifadhi ya Taifa. Boti ya kukodi itakupeleka na kukurudisha siku moja. Ile ya abiria kutoka Kibirizi ni nafuu mno, lakini huondoka mchana na kurudi mjini alfajiri, kwa hiyo ukiipanda umekubali kulala huko. Malipo ya hifadhi hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, sio fedha mkononi. Vaa viatu vya kupanda vilima. Ukiwa na mafua, ahirisha: sokwe huambukizwa magonjwa yetu, na wao hawana zahanati.

Hatua ya 8: Kufunga mzigo

Utaondoka na vitu vitatu: dagaa, mawese, na kitenge kutoka Mwanga. Kitenge ndicho rahisi.

Dagaa waanike tena juani saa mbili kabla ya kufunga, hata kama muuzaji ameapa wamekauka. Weka kwenye mfuko wa karatasi au kiroba kinachopumua, kamwe si mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa, la sivyo ukifika Dodoma watakuwa wametoa jasho na harufu ya pili, mbaya kuliko ya kwanza.

Mawese nunua asubuhi, yawe mekundu na mazito, na unuse: yenye ukali puani yamekaa. Tumia dumu lenye kifuniko cha kusokota, usilijaze hadi shingoni, tandika kipande cha nailoni mdomoni kabla ya kufunga, kisha zungushia selotepu mara tatu. Lisimamishe kwenye ndoo, na ndoo uikabidhi kwa mkono wako kwa utingo. Mwambie ni mawese, mwonyeshe, mpe kitu kidogo. Usilifiche ndani ya begi la nguo. Nilifanya hivyo mara moja, na shati langu la harusi sasa ndilo ninalovaa kuoshea pikipiki.

Ukipitia Singida au Iringa kwenye baridi, yataganda. Si mabovu. Yaweke karibu na jiko nusu saa.